Marehemu mume wangu bado analipwa ruzuku, na jirani analipwa kwa shamba langu

Mshauri wetu, salamu nyingi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 57, mzaliwa wa Tanga, na nimeishi Marekani kwa miaka 21. Mume wangu, aliyezaliwa na kukulia shambani, alifariki dunia Februari 2024 baada ya kuugua kwa muda mfupi. Aliniachia shamba la ekari 160 katika kaunti moja ya vijijini, jimboni Iowa. Hati ya shamba ilikuwa na majina yetu sote wawili, kwa utaratibu wa kwamba mmoja akitangulia, anayebaki ndiye mmiliki, kwa hiyo hatukuwa na ugomvi wowote wa mirathi. Sisi wenyewe hatukuwahi kulima. Mume wangu alikuwa mwalimu na tuliishi mjini.

Ekari 122 hulimwa mahindi na soya na jirani mmoja ambaye ni mkulima mkubwa. Nasikia analima ekari zipatazo 1,900, nyingi zikiwa za kukodi kama zangu. Alikodi kwetu mwaka 2016 kwa mapatano ya mdomo, na tangu siku hiyo hulipa dola 215 kwa ekari, nusu mwezi wa Machi na nusu Desemba. Hajawahi kuchelewa. Ekari 38 zilizobaki ziko kwenye mteremko unaoelekea kijito, na mume wangu aliziingiza katika ile programu ya serikali ya kuhifadhi ardhi, ambayo watu huku huiita CRP, kwa mkataba wa miaka 10 ulioanza Oktoba 2019. Zimepandwa nyasi na haziguswi, na serikali hulipa dola 7,600 kila Oktoba. Jirani ni mtu wa msaada. Julai iliyopita alizikata nyasi hizo, akafunga marobota, na kwa shukrani akaniletea pipa la mafuta ya kupasha nyumba joto.

Novemba iliyopita wifi yangu alikuja na orodha ya malipo ya ruzuku za kilimo katika kaunti yetu, kwa majina na kiasi. Nilishtuka. Jirani huyo amepokea zaidi ya dola 280,000 kati ya mwaka 2017 na 2024. Mimi mwenye ardhi sijapata hata senti moja ya fedha hizo. Wifi anasema nimeibiwa mchana kweupe, na kwamba nimdai nusu, au nimwondoe kabla ya msimu wa kupanda.

Katika orodha hiyohiyo nililiona jina la marehemu mume wangu, akiwa amelipwa mwaka 2024. Nilijua kwamba fedha za nyasi ziliingia katika akaunti yetu ya pamoja mwezi wa Oktoba wa mwaka ule, na tena Oktoba 2025, lakini nilizichukua kuwa ni fedha za shamba na nikazitumia kwa kodi ya ardhi na kwa madeni ya hospitali. Sikumwambia mtu yeyote wa ofisi ya kilimo kwamba mume wangu amefariki. Kusema kweli, sikujua kuwa natakiwa kusema. Wiki mbili zilizopita imekuja bahasha yenye jina lake, na ndani mna fomu ya kutiwa saini inayohusu mapato yake. Shemeji yangu ananiambia niandike jina la mume wangu na kuirudisha, kwa sababu fedha ya serikali haina mwenyewe na mkataba umebakiza miaka mitatu na kitu tu. Fomu nimeiweka kwenye droo. Silali vizuri.

Naomba unishauri. Je, jirani ananidhulumu? Nimdai nini? Na fomu hii niifanyeje? Naogopa pia kwenda ofisini, kwa sababu mmoja wa wajumbe wa kamati ya wakulima ya kaunti ni binamu wa huyo jirani, na hapa kila mtu anamjua mwenzake.

Mjane, Iowa


Dada yangu, pole sana kwa msiba, na pole kwa haya yaliyoufuata.

Umeniuliza kwanza habari za jirani na mwisho habari za fomu. Nitakujibu kwa kugeuza mpangilio huo, kwa sababu jirani anaweza kusubiri hadi majira ya kiangazi, lakini fomu haiwezi. Usiisaini. Usiandike jina la marehemu wala usimruhusu shemeji akusaidie kuliandika. Hadi leo, kwa jinsi ulivyonieleza, ulilofanya ni kutotoa taarifa, na kutotoa taarifa kwa mtu aliyefiwa ambaye hakuwahi kushughulikia karatasi za shamba ni jambo linaloelezeka. Siku utakayoandika jina la mtu aliyefariki kwenye fomu ya serikali ya shirikisho, suala litakuwa limehama kutoka kusahau na kuingia katika kughushi, na hapo maelezo yako yote mazuri hayatakuwa na pa kusimama.

Shemeji anasema fedha ya serikali haina mwenyewe. Msemo huo tumeusikia tangu utotoni, na kila aliyeuamini alikuja kugundua kwamba mwenyewe yupo, ila alichelewa kufika. Julai 2007 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba, kati ya mwaka 1999 na 2005, Wizara ya Kilimo ililipa dola bilioni 1.1 kwa majina ya watu 172,801 waliokwisha kufariki. Ripoti hiyo ilizua kelele kubwa, na baada yake Wizara ikaanza kulinganisha orodha zake za malipo na kumbukumbu za vifo za Hifadhi ya Jamii. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba jina la mume wako litajitokeza lenyewe siku moja. Ni bora likutane na barua yako iliyotangulia kuliko kukutana na saini ya uongo. Niongeze, kwa haki, kwamba ripoti ile haikusema kila malipo kwa jina la marehemu ni wizi, kwani mirathi ambayo haijafungwa inaweza kuruhusiwa kupokea kwa muda. Lakini katika hali yako hakuna mirathi iliyo wazi. Shamba lilikuwa lako tangu siku aliyofariki.

Na hilo ndilo linalonipa matumaini juu yako. Mkataba wa CRP haufi pamoja na aliyeutia saini. Kanuni zinamruhusu mmiliki mpya kuurithi mkataba kwa kuingizwa jina lake na kuukubali kwa masharti yaleyale, na sharti la kuwa umemiliki ardhi kwa miezi 12 kabla ya kuingia halimbani mtu aliyeipata kwa kifo cha mwenzake. Maana yake ni kwamba fedha zilizoingia kwa jina la mume wako zingeweza kuwa zako kihalali kama karatasi zingebadilishwa kwa wakati. Hata malipo ya Oktoba 2024 yana sehemu mbili. CRP hulipa baada ya mwaka wa mkataba kwisha, na mwaka huo huanza Oktoba mosi na kuishia Septemba 30, kwa hiyo kati ya miezi 12 iliyolipiwa, mume wako alikuwa hai kwa karibu miezi mitano. Kwa fedha ambazo mtu alizistahili kabla ya kufariki ipo fomu maalumu ambayo warithi huijaza. Sehemu iliyobaki, pamoja na malipo yote ya 2025, ndiyo itakayohitaji maelezo.

Ofisi unayoiendea ni ya Wakala wa Huduma za Mashamba, ambao kwa kifupi huitwa FSA, katika kituo cha huduma cha kaunti yako. Piga simu, omba miadi na mkurugenzi mtendaji wa FSA wa kaunti, na useme mapema kwamba unakuja kutoa taarifa ya kifo na kuomba kuingizwa kama mmiliki na mrithi wa mkataba. Nenda na cheti cha kifo, hati ya shamba yenye majina yenu wawili, nakala ya mkataba wa CRP kama unayo, taarifa za benki za miezi miwili ya Oktoba, na hiyo fomu ikiwa tupu ndani ya bahasha yake. Kabla ya siku hiyo, ulizia kwa msajili wa hati wa kaunti kama kifo kimeandikwa kwenye kumbukumbu za umiliki, kwa sababu nashuku kwamba hata huko shamba bado lina majina mawili. Utajaziwa fomu kwa jina lako: ya mapato, kwa kuwa mtu ambaye wastani wa mapato yake unapita dola 900,000 kwa mwaka hastahili malipo (sidhani kama hilo litakusumbua), na nyingine ya kuahidi kutolima ardhi inayomomonyoka bila mpango wa hifadhi na kutokausha maeneo oevu.

Huenda wakakutaka urudishe sehemu ya fedha. Huenda pia wasikutake, kwa maana sheria inatoa nafasi ya nafuu kwa mshiriki aliyekosea utaratibu kwa nia njema huku akitimiza lengo la programu, na nyasi zako zimekaa kwenye mteremko muda wote huo zikizuia udongo usiteremke kijitoni, jambo ambalo ndilo lililokuwa likilipiwa. Omba nafuu hiyo kwa maandishi. Lakini weka kando dola 15,200, au kiasi chake unachoweza, na usizipangie matumizi mengine hadi upate jibu. Kwa sababu kuna hatari ya kudaiwa, ningependa wakili anayezijua sheria za kilimo aisome barua yako kabla hujaipeleka. Saa moja ya wakili ni nafuu kuliko neno moja lililokaa vibaya.

Sasa nikurudishe kwenye sentensi uliyoipitia haraka, ile ya jirani kukata nyasi mwezi wa Julai. Dada, hiyo ndiyo sentensi iliyonitia wasiwasi kuliko zote. Ardhi iliyo kwenye CRP haikatwi majani wala kulishwa mifugo bila ruhusa ya ofisi, na katika Iowa kuanzia Mei 15 hadi Agosti mosi ni msimu wa ndege kutagia, ambapo hata kukata kwa ajili ya matunzo hakuruhusiwi kwa kawaida. Zipo nyakati ambapo serikali hufungua mlango wa kuvuna nyasi kwa dharura, kama wakati wa ukame mkubwa, lakini hata hapo mwenye mkataba huomba kwanza. Aliyeomba ni nani, ikiwa mwenye mkataba alikuwa kaburini na wewe hukuwa umeandikishwa? Muulize jirani, kwa upole, kama alikuwa na kibali. Kama hakuwa nacho, lieleze hilo siku hiyohiyo utakapoeleza habari za kifo. Kosa la namna hiyo linaweza kusababisha kupunguziwa malipo ya mwaka, na likiwa kubwa linaweza kuvunja mkataba na kudaiwa kurudisha yote yaliyolipwa tangu 2019. Anayedaiwa ni mwenye mkataba, na pipa lile la mafuta halitakusaidia kujitetea. Sisemi kwamba jirani alikusudia mabaya. Wakulima wengi huona nyasi nzuri zikisimama bure na mikono huwawasha.

Nije sasa kwenye dola 280,000.

Orodha uliyoiona si ya siri wala si ya uzushi. Sheria ya kilimo ya mwaka 2008 inazuia Wizara kutoa hadharani taarifa za undani wa mashamba ya watu, lakini inaacha wazi majina ya waliolipwa na kiasi walicholipwa. Tatizo la orodha hiyo ni kwamba inaonyesha fedha bila kuonyesha ardhi iliyozizaa wala hasara iliyozitangulia. Kiasi cha jirani ni cha ekari zote 1,900 anazolima, na shamba lako ni takriban sehemu moja ya kumi na sita ya hizo. Ukiigawanya kwa mkato, bila usahihi wa kihasibu, sehemu ya shamba lako inakuwa kama dola 17,500 kwa miaka minane, yaani dola 2,200 hivi kwa mwaka, au dola 18 kwa ekari. Bado ni fedha, lakini si utajiri ambao wifi ameuona.

Halafu tazama miaka yenyewe. Mwaka 2018 na 2019 serikali ililipa fidia kwa wakulima walioumizwa na vita vya ushuru kati ya Marekani na China. Mwaka 2018 soya ililipwa dola 1.65 kwa busheli (kipimo cha nafaka cha huku) na mahindi senti moja tu, jambo lililowakasirisha wakulima wa mahindi kuliko kama wangenyimwa kabisa. Mwaka 2019 kila kaunti ikapewa kiwango chake, kati ya dola 15 na 150 kwa ekari. Mwaka 2020 yakaja malipo ya janga la korona. Sitashangaa ikiwa sehemu kubwa ya kiasi ulichokiona imejikusanya katika miaka hiyo mitatu. Aliyeuza soya kwa bei iliyoporomoka ni jirani. Wewe ulipokea dola 215 zako Machi na Desemba kana kwamba China haipo.

Hapo ndipo ulipo msingi wa mfumo wote. Malipo ya mazao hufuata mtu anayebeba hatari ya zao. Mwenye ardhi anayekodisha kwa fedha taslimu za kiwango kisichobadilika hana hisa katika zao, kwa hiyo hana hisa katika fidia. Mwenye ardhi anayegawana mavuno na mkulima, tuseme nusu kwa nusu, hugawana pia malipo kwa kadiri ileile, lakini huchangia mbegu na mbolea, na mwaka wa ukame hugawana pia vumbi. Mapatano ya mume wako na jirani yalikuwa ya taslimu. Jirani hakukudhulumu, alipokea kilichokuwa chake, nawe ulipokea kilichokuwa chako. Kumtaka sasa akupe nusu ya kilichopita hakuna msingi. Na ukimwambia kwamba asipokukatia sehemu ya ruzuku utamfukuza, utajiweka pabaya, kwa kuwa kanuni za programu hizi zinataka maslahi ya aliyekodi yalindwe, na shinikizo la aina hiyo linaweza kufanya malipo ya shamba zima yakataliwe.

Hata hivyo ipo sehemu moja ya ruzuku ambayo imefungwa kwenye ardhi yako, na hiyo unapaswa kuijua kama unavyoijua mipaka ya shamba. Kila shamba lililosajiliwa lina kile kinachoitwa ekari za msingi, ambazo ni kumbukumbu ya mazao yaliyopandwa miaka ya nyuma, si ya mwaka huu. Malipo ya kufidia kushuka kwa bei hukokotolewa kwa asilimia 85 ya ekari hizo. Chukua mfano: shamba lenye ekari za msingi 60 za mahindi na mavuno ya kumbukumbu ya busheli 120 kwa ekari. Ikiwa bei ya wastani ya mwaka imeangukia senti 30 chini ya bei rejea, yaani bei iliyowekwa na sheria kuwa kipimo, malipo yatakuwa dola 1,836, hata kama mwaka huo ekari hizo zilipandwa soya. Bei rejea ya mahindi ilikuwa dola 3.70 kwa miaka mingi. Mwaka 2021 na 2022 bei ya soko ilipaa mno juu yake, na programu hiyo haikulipia mahindi kitu. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeipandisha hadi dola 4.10, na ya soya kutoka 8.40 hadi 10.00. Malipo ya zao la mwaka huwa hayatoki hadi Oktoba ya mwaka unaofuata, kwa hiyo zao la 2025 litalipwa, kama litalipwa, Oktoba 2026.

Sheria hiyohiyo imefungua nafasi ya kuongeza ekari mpya za msingi, hadi milioni 30 kwa nchi nzima. Ekari hizo hukaa na ardhi na huongeza thamani yake kwa atakayeikodi au kuinunua. Barua inayohusu nyongeza hiyo humwendea mmiliki aliyesajiliwa, na kwako wewe mmiliki aliyesajiliwa ni marehemu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoiacha ile fomu ilale kwenye droo. Siku ya miadi, omba wakuchapishie taarifa ya shamba lako yenye namba ya shamba, ekari za msingi na mavuno ya kumbukumbu. Ni haki yako kama mmiliki, na ukiwa na karatasi hiyo mkononi hutahitaji kusoma orodha ya majirani.

Je, basi huna la kumwambia jirani? Unalo, nalo ni pango. Dola 215 zilipatanwa mwaka 2016 na hazijasogea, ilhali bei za ardhi na za kukodi Iowa zilipanda sana baada ya mwaka 2020. Sehemu ya ruzuku huwafikia wenye ardhi kwa njia hiyo hasa: mkulima anayejua kwamba serikali itamfidia bei ikianguka huwa tayari kulipa zaidi ili apate ardhi, na mwenye ardhi asiyepandisha pango humwachia jirani yake sehemu hiyo kwa hiari. Kila mwezi wa Mei Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa hutoa matokeo ya utafiti wa viwango vya pango, kwa kaunti na kwa ubora wa ardhi. Vitazame vya kaunti yako, ulizia alama ya ubora wa udongo wako, kisha keti na jirani mezani ukiwa na tarakimu. Nakuonya tu kwamba bei za mahindi na soya zimeshuka kutoka kilele chake cha mwaka 2022 huku mbolea na mashine zikibaki ghali, kwa hiyo usiingie na matumaini ya mnadani. Mtu ambaye hajachelewa kulipa hata mara moja kwa miaka kumi ana thamani ambayo haimo kwenye jedwali la chuo.

Kama unataka kushiriki faida ya miaka mizuri bila kununua mbegu, kuna mikataba yenye pango la chini lililohakikishwa pamoja na nyongeza bei au mavuno yakipita kiwango fulani. Ipo mingi na mingine ni mizuri, lakini namna ilivyoandikwa ndiyo huamua kama FSA itaihesabu kuwa ya taslimu au ya kugawana, na hilo hubadilisha nani anastahili malipo. Waonyeshe ofisini kabla ya kutia saini. Na kwa vyovyote vile, mapatano ya mdomo yaishe. Katika maandishi weka sharti linalosema waziwazi kwamba ekari 38 za nyasi hazimo katika ukodishaji na haziguswi bila barua yako.

Kuhusu binamu aliye kwenye kamati, naielewa hofu yako, lakini usiikuze. Kamati ya kaunti huwa na wajumbe watatu hadi 11, wote wakulima waliochaguliwa na wenzao, na katika kaunti ya vijijini haiwezekani kumpata mjumbe asiye na binamu. Mkataba wako na pango lako na jirani ni mambo mawili tofauti; jambo la pango haliwahusu. Ukipewa uamuzi usiokuridhisha juu ya CRP, barua ya uamuzi huo itaeleza haki zako za rufaa, na kwa kawaida una siku 30 tangu uipokee. Unaweza kwenda kamati ya jimbo, au Kitengo cha Taifa cha Rufaa cha Wizara, ambacho hakiko chini ya FSA na ambako binamu hana sauti. Tena, ukishasajiliwa, wewe mwenyewe utakuwa na kura katika uchaguzi wa kamati hiyo. Karatasi za kura hutumwa kwa posta kila Novemba.

Jambo la kodi ya mapato nalitaja kwa ufupi kwa sababu mhasibu wako atalimaliza kwa nusu saa. Malipo ya CRP yametolewa taarifa kwa mamlaka ya kodi kwa namba ya Hifadhi ya Jamii ya mtu aliyefariki, kwa hiyo ni lazima ijulikane yaliandikwa wapi katika marejesho yako ya 2024, na ya 2025 yawekwe mahali pake tangu mwanzo. Kama utakuwa unapokea mafao ya ujane au ya uzeeni kutoka Hifadhi ya Jamii, mkumbushe kwamba malipo ya CRP hayatozwi kodi ya kujiajiri kwa mtu wa hali hiyo. Wengine husahau.

Limebaki wazo la wifi la kumwondoa jirani kabla ya msimu wa kupanda, nalo haliwezekani hata ukitaka. Katika Iowa ukodishaji wa shamba, uwe wa maandishi au wa mdomo, huisha Machi mosi, na anayetaka kuusitisha lazima awe ametoa notisi ya maandishi kufikia Septemba mosi ya mwaka uliotangulia. Tarehe hiyo ilipita kabla hujaiona orodha, kwa hiyo mapatano ya mwaka 2016 yanaendelea kwa msimu mmoja zaidi, kwa dola 215, isipokuwa jirani mwenyewe akubali mabadiliko. Una basi miezi ya kutosha kusafisha mambo ya ofisini, kuona viwango vya Mei na kuzungumza naye bila hasira. Wenye ardhi wengi hutuma notisi hata kwa mkulima wanayempenda, ili tu wapate nafasi ya kupatana upya, na wakulima huku wamezoea na hawaichukulii kuwa matusi. Ukifikia kuituma, mpelekee asaini kuipokea, au iende kwa barua iliyothibitishwa ya posta (certified mail), na stakabadhi ya posta uihifadhi pamoja na hati ya shamba.